KIDONGE KINACHOWEKWA NDANI YA KICHWA NA KUYEYUKA CHENYEWE



Katika karatasi hizi tumezoea kuongea juu ya malaria, kuhara, chanjo na chakula cha mtoto. Leo tunaongea juu ya ugonjwa ambao hauonekani mara nyingi, na juu ya dawa ambayo haiko katika farmasi ya kituo cha afya. Utauliza: basi, habari hiyo inatusaidia nini sisi tunaokuja kupimisha watoto?

Inatusaidia kwa njia mbili. Ya kwanza, jamaa fulani inasikia ya kama kule Ulaya ao Marekani kuna dawa inayowekwa ndani ya ubongo, na inaanza kuuza shamba na ng'ombe ili mgonjwa wao apelekwe. Ni vizuri kujua dawa hiyo inaweza nini na haiwezi nini mbele ya kuuza shamba. Ya pili, mtu akifahamu kazi ya dawa hiyo, atafahamu pia kwa nini mgonjwa wa kichwa anapaswa kuletwa mapema, na kwa nini hatupaswi kukubali maneno ya wauza-dawa wa sokoni. Tusome polepole.

UVIMBE WA UBONGO NI NINI?

Ubongo ndio unaoongoza mwili wote. Ukiinua mkono, ukiongea, ukimtambua mtoto wako kati ya watoto kumi, ni kazi ya ubongo. Umefungwa ndani ya mfupa wa kichwa kama yai ndani ya ganda. Ganda hilo linaulinda, lakini halipanuki. Kitu kikikua ndani, hakuna nafasi. Kinasukuma ubongo na kuufinya. Ndiyo maana mgonjwa anaumwa kichwa, anatapika, ao anaanguka kifafa.

Mwili wetu umejengwa na chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe inazaliwa, inafanya kazi yake, inakufa kwa wakati wake. Kansa ni chembe zilizoacha kufuata kipimo hicho. Zinazaana tu, bila kuacha.

Uvimbe wa ubongo ni wa namna nyingi. Mwingine si kansa. Unakua polepole, na mganga akiutoa wote mgonjwa anaweza kupona. Mwingine ni mbaya sana. Ulio mbaya kuliko mingine kwa watu wazima unaitwa glioblastoma, na unaonekana zaidi kwa waliopita miaka 50. Hauambukizi. Hautoki kwa kulogwa, wala kwa dhambi ya mzazi.

Kwa nini glioblastoma ni ngumu? Fikiri majani mabaya ya shambani. Unakata juu, shamba linaonekana safi, lakini mizizi midogo imebaki chini ya udongo, na mvua ikinyesha yanaota tena. Uvimbe huu una mizizi ya namna hiyo. Ungekuwa kwa mguu ao tumbo, mganga angeweza kukata kwa upana. Kichwani hawezi, kwa kuwa kila kipande cha ubongo kina kazi: hiki ni cha kuongea, hiki ni cha mkono wa kuume, hiki ni cha kuona. Basi anatoa kile anachoweza, na mizizi inabaki. Mara nyingi uvimbe unarudi karibu na pahali palepale, ndani ya sentimeta 2 kutoka pale ulipokuwa. Mshike neno hilo, maana ndilo lililowapa waganga mawazo.

UBONGO UNA MLINZI WAKE

Mama moja atasema: «Kama mizizi imebaki, mumpige mgonjwa sindano ya dawa ya kansa, iifuate.» Ni neno la akili. Lakini ubongo una mlinzi.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alitia rangi katika damu ya wanyama. Viungo karibu vyote vilipata rangi, lakini ubongo ulibaki mweupe. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann alifanya kinyume: alitia rangi katika maji yanayozunguka ubongo. Safari hii ubongo ulipata rangi, na mwili mwingine haukupata. Hapo ikaonekana ya kama kati ya damu na ubongo kuna kitu kinachozuia.

Kitu hicho ni nini? Ni mishipa midogo ya damu yenyewe. Katika sehemu nyingi za mwili, mishipa midogo ni kama kitunga: ukitia maji, yanapita katika nafasi ndogo. Katika ubongo mishipa ni kama kibuyu: chembe zake zimeshikana sana, maji hayapiti ovyo. Hewa safi inapita, sukari ina mlango wake, lakini sumu nyingi zinabaki nje. Ni ulinzi mkubwa kwetu. Shida ni hii: mlinzi huyo hajui kutenganisha sumu na dawa. Dawa nyingi za kansa naye anazifukuza.

Kuna dawa moja inayoitwa karmustini. Ni ndogo na inapenda mafuta, kwa hiyo inapita kwa mlinzi. Lakini ina shida zingine. Ikiingia katika damu inavunjika upesi, haimalizi hata saa moja. Tena inakwenda mwilini mwote: inaharibu uboho wa ndani ya mifupa, pale damu inapozaliwa, na inaweza kuharibu mapafu. Mganga akiongeza kipimo ili ubongo upate ya kutosha, damu na mapafu yanaumia kwanza. Ni sawa na mtu anayemwaga maji juu ya kilima chote ili anyweshe mche mmoja wa kabichi.

WAGANGA WALIFIKIRI NINI?

Walijiuliza: kwa kuwa uvimbe unarudi palepale, na kwa kuwa mganga amekwisha kufungua kichwa ili autoe, kwa nini asiache dawa pale pale, mlangoni mwa mizizi?

Mama wengi mnajua vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono kwa kupanga uzazi. Jadelle ina vijiti 2 na inafanya kazi miaka 5. Dawa iko ndani, na inatoka kidogo kidogo kila siku. Mwanzo wa mawazo hayo na mwanzo wa kidonge cha ubongo unakutana kwa mtu mmoja. Mwaka 1964, kule Marekani, mganga mpasuaji Judah Folkman na mwenzake David Long walionyesha ya kama silikoni, kitu kinachofanana na mpira laini, inaweza kubeba dawa na kuitoa polepole ndani ya mwili. Kwa mawazo hayo vijiti vya uzazi vilitengenezwa baadaye.

Miaka kumi nyuma yake kijana Robert Langer, fundi wa kemia, alikuja kufanya kazi pamoja na Folkman katika mji wa Boston. Mwaka 1976 wawili hao walionyesha ya kama hata dawa zenye chembe kubwa zinaweza kufungwa katika polima na kutoka polepole. Polima ni nini? Ni kitu kilichofanywa kwa vipande vingi vidogo vilivyofuatana, kama shanga katika uzi. Plastiki ni polima. Mpira ni polima. Lakini polima nyingine zikikutana na maji, uzi wao unakatika na shanga zinaanguka moja moja. Mama aliyeshonwa maternite kisha kuzaa anajua habari hiyo: kuna uzi ambao hatuutoi, unaisha wenyewe.

Katika miaka ya 1980 Langer alishirikiana na Henry Brem, mpasuaji wa ubongo wa hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore. Walichukua karmustini na kuifunga katika polima inayoyeyuka. Kidonge hicho kinaitwa Gliadel. Serikali ya Marekani iliruhusu kitumiwe mwaka 1996, kwa wagonjwa ambao glioblastoma imewarudilia. Mwaka 2003 iliruhusu pia kwa wagonjwa wapya wenye uvimbe mbaya wa namna hiyo, wakati wa kupasuliwa mara ya kwanza.

KIDONGE KINATENGENEZWA NA NINI?

Kidonge hiki si cha duara kama kile cha malaria. Ni bapa kama kifungo cha koti. Upana wake ni milimeta 14 na nusu, unene wake milimeta 1. Ndani yake mna miligramu 7.7 za karmustini.

Polima yake inaunganisha vitu viwili. Kimoja, ambacho ndicho sehemu kubwa, kinaitwa asidi ya sebasiki. Na hapa kuna neno la kushangaza: viwandani asidi hiyo inatolewa katika mafuta ya mbarika, mti ule ule unaoota nyuma ya nyumba na kando ya njia, na ambao Wafaransa wanauita risini.

Mama, tafadhali usisikie vibaya. Hii haina maana ya kama mbarika inaponyesha kansa. Kiwandani mafuta yanabadilishwa kabisa kwa moto na kemia, na dawa yenyewe ni karmustini, siyo mbarika. Mbegu mbichi ya mbarika ina sumu kali, na mtoto akitafuna chache anaweza kufa. Usisage mbegu hizo, usimpe mgonjwa. Zifagie katika uwanja ambapo watoto wanachezea.

KINAWEKWA NAMNA GANI?

Mgonjwa analazwa usingizi. Mganga anafungua mfupa wa kichwa na kutoa uvimbe kadiri anavyoweza. Kipande kinapelekwa maabara kitazamwe kwa darubini, kujua ni kansa ao sivyo. Pahali uvimbe ulipotoka panabaki shimo. Mganga, akiwa amevaa glovu mbili juu ya kila mkono kwa sababu dawa ni kali, anapanga vidonge kandokando ya shimo, kama mama anayepanga vipande vya muhogo ndani ya sufuria. Kama nafasi inatosha anaweka 8, wala hapiti hesabu hiyo. Kisha anarudisha mfupa na kushona ngozi.

Tupige hesabu. Vidonge 8 mara miligramu 7.7 ni miligramu 61.6. Mtu mzima anayepewa karmustini kwa mshipa anaweza kupata miligramu 250 hadi 350 kwa mara moja. Kwa vidonge anapata dawa kidogo kuliko hiyo, lakini karibu na uvimbe iko nyingi kuliko ile ambayo damu ingeweza kuleta. Uboho na mapafu havisumbuliwi sana.

KINAYEYUKA NAMNA GANI?

Wanafunzi wa uuguzi wanafahamu vizuri nikiwaonyesha vitu viwili vya nyumbani: mkate na sabuni.

Tia kipande cha mkate ndani ya chai. Maji yanaingia mpaka katikati, na kwa dakika kidogo mkate wote unavunjika mara moja. Kidonge kingefanya vile, dawa yote ingemwagika siku ya kwanza, na ubongo ungeumia.

Sasa tazama kipande cha sabuni. Kila siku unafua nacho, kila siku kinapungua kwa nje, lakini ndani kinabaki kigumu. Kinakuwa chembamba, chembamba, mpaka kinaisha. Polima ya kidonge ilichaguliwa ili ifanye kama sabuni. Haipendi maji, kwa hiyo maji hayaingii ndani yake upesi. Yanakula juu tu, na kila ngozi inayokulika inaachilia dawa yake. Dawa iliyo ndani bado inalindwa, haivunjiki mbele ya wakati.

Kwa njia hiyo dawa ambayo katika damu haimalizi hata saa moja inaendelea kutoka karibu majuma 2 hadi 3. Katika majuma 3, zaidi ya sehemu 70 kati ya 100 za polima zimekwisha kuyeyuka. Vipande vidogo vinatolewa na mwili. Pengine mabaki yanaonekana kwa mashine kwa miezi mingine, lakini hakuna lazima ya kufungua kichwa tena ili kuyatoa. Hapo ndipo kidonge hiki kinapotofautiana na vijiti vya mkono: vijiti haviyeyuki, na wakati wake ukiisha ni lazima mwuguzi avitoe.

JE, KINAPONYESHA?

Hapa tuseme kweli, juu shamba la jamaa liko mkononi.

Mwaka 1995 Brem na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 222 waliorudiliwa na uvimbe. Karibu nusu waliwekewa vidonge vyenye dawa. Wengine waliwekewa vidonge vinavyofanana lakini bila dawa, ili kulinganisha kwa haki. Ukiwapanga wagonjwa wa kila upande katika mstari, toka aliyeishi muda mfupi mpaka aliyeishi muda mrefu, wa katikati upande wa dawa aliishi majuma 31. Wa katikati upande usio na dawa aliishi majuma 23. Tofauti ni majuma 8.

Mwaka 2003 matokeo ya wagonjwa wapya 240 yalitoka. Wa katikati upande wa dawa aliishi miezi 13.9, upande mwingine miezi 11.6. Tofauti ni zaidi kidogo ya miezi 2.

Basi jibu ni hili: kidonge kinaongeza siku, lakini hakiponyeshi glioblastoma. Kwa nini, na dawa imefika pale pale? Kwa sababu dawa ikitoka katika kidonge inapenya ubongo kwa milimeta chache tu, na mizizi imekwenda mbali zaidi. Miezi 2 si kitu cha kudharau. Mama anaweza kuona mtoto wake akimaliza mwaka wa shule, baba anaweza kupatanisha ndugu na kugawanya mali yake akiwa na akili timamu. Lakini jamaa ijue ya kama inanunua miezi, hainunui kupona.

Tena Gliadel si njia moja tu. Mwaka 2005 ilionyeshwa ya kama dawa nyingine ya kumeza, temozolomidi, ambayo inapita kwa mlinzi wa ubongo, ikitolewa pamoja na miale, inasogeza miezi toka 12.1 mpaka 14.6. Leo pahali pengi wanafuata njia hiyo kwanza. Kidonge cha kuyeyuka kinatumiwa kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa.

HATARI ZAKE

Hakuna dawa isiyo na madhara. Mgonjwa aliyewekewa vidonge hivi anaweza kushikwa na kifafa, zaidi katika siku za kwanza kisha kupasuliwa. Ubongo unaweza kuvimba. Kidonda kinaweza kuchelewa kufunga, maji ya ubongo yanaweza kuvuja, na vijidudu vinaweza kuingia na kuleta menenjiti. Kwa watoto haijaonyeshwa ya kama dawa hii ni salama wala ya kama inasaidia.

Kwa wamama kuna neno la pekee. Karmustini inaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Mwanamke aliyewekewa vidonge anashauriwa asishike mimba kwa miezi 6, na mama anayenyonyesha asinyonyeshe wakati ule na kwa siku 7 angalau. Mwanamke akitaka kupasuliwa, aseme wazi mbele ya mganga kama ana mimba ao ananyonyesha, hata kama bwana ao mama-mkwe wamesimama pale.

KWA NINI HAKIKO KWETU?

Mnajua chanjo za watoto tunazitunza katika frigo kati ya digri 2 na 8, na mnajua taabu yetu umeme ukikatika. Kidonge hiki kinataka baridi ya digri 20 chini ya sufuri. Kikitoka nje ya baridi hiyo, hata pakiti yake ikiwa haijafunguliwa, kinavumilia saa 6 tu. Tena kinataka mpasuaji wa ubongo, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, maabara ya kutazama kipande wakati ule ule, na pahali pa kumlinda mgonjwa usiku na mchana. Na bei yake ni kubwa sana. Mnyororo huo ukikosa pete moja, kidonge chenyewe hakina faida.

SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tujue dalili. Kuumwa kichwa peke yake mara nyingi si uvimbe. Ni malaria, uchovu, macho, ao kukosa maji. Lakini leta mgonjwa upesi ukiona haya:

1. Kichwa kinachouma zaidi asubuhi, kinachozidi siku kwa siku, pamoja na kutapika bila kuhara wala homa.
2. Kifafa kinachoanza kwa mtu mzima ambaye hakuwa nacho mbele.
3. Mkono ao mguu wa upande mmoja unaokosa nguvu. Maneno yanayopotea mdomoni. Macho yanayoona vitu viwili.
4. Mtu mpole anayebadilika tabia bila sababu, anayesahau njia ya nyumbani.
5. Mtoto anayetapika kila asubuhi na kuyumba akitembea. Mtoto mchanga ambaye kichwa kinakua upesi na utosi unavimba. Ndiyo maana kwenye kliniki tunapima kichwa kwa utepe. Usikatae.

Mama mwenye mimba anayeumwa kichwa sana, anaona giza ao nyota, ao amevimba uso na mikono, asingojee hata siku moja. Hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa damu kupanda katika mimba, nao unaua upesi kuliko uvimbe.

Pili, tujue ya kama kila uvimbe wa ubongo si kansa. Mayai ya mnyoo wa nguruwe yakiingia tumboni kwa mikono ao maji machafu, yanaweza kufika ubongoni, kufanya vifuko vidogo na kuleta kifafa. Kifua kikuu nacho kinaweza kufanya uvimbe katika ubongo. Magonjwa hayo yana dawa, na watu wanapona. Basi, mtu akiambiwa «una kitu kichwani», asikate tumaini mbele ya kupimwa.

Tatu, hata pale kupasua hakuwezekani, kazi haijaisha. Kuna dawa za kupunguza kuvimba kwa ubongo, za kuzuia kifafa, na za kutuliza maumivu. Mgonjwa anahitaji kugeuzwa kitandani, kuogeshwa, kulishwa polepole, na kukaa pamoja na watu wake. Asifungiwe chumbani kama mtu aliyelogwa. Kifafa kikimshika, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usitie kijiko mdomoni.

MASWALI YA WAMAMA

Je, naweza kupata kidonge hicho na kummezesha mgonjwa wangu?
Hapana. Hakimezwi. Kazi yake ni ndani ya shimo la uvimbe tu. Mtu akikuuzia kidonge sokoni na kusema kinayeyusha kansa ya kichwa, anakuibia.

Vijiti vya uzazi vya mkononi vinaweza kupanda mpaka kichwani?
Havina kazi kichwani, na si dawa ya kansa. Vinakaa chini ya ngozi pale vilipowekwa. Ukiona ya kama huvigusi tena kwa kidole, kuja tuvitazame.

Ndugu yetu wa Ulaya anasema tumpeleke baba kule. Tufanye nini?
Mbele ya kuuza kitu, mwombeni mganga maneno manne yaliyoandikwa: ni uvimbe gani, umetazamwa kwa darubini ao bado, matibabu yataponyesha ao yataongeza miezi, na nani atamtunza mgonjwa kisha kurudi. Mkiwa na majibu hayo, kaeni pamoja, na mgonjwa mwenyewe akiwapo, mkate shauri. Yeye ndiye mwenye siku hizo. Aulizwe anataka kuzipitisha wapi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

– Ubongo una mlinzi anayezuia sumu, na dawa nyingi vilevile.
– Kidonge cha Gliadel kinawekwa na mpasuaji pahali uvimbe ulipotoka, na kinayeyuka kama sabuni kwa majuma 2 hadi 3.
– Kinaongeza karibu miezi 2, hakiponyeshi glioblastoma.
– Hakimezwi, na mbarika ya nyumbani si dawa yake.
– Si kila uvimbe wa kichwa ni kansa. Pima kwanza.
– Ukiona dalili, usizunguke kwa wauza-dawa miezi mitatu. Njoo kituo cha afya juma hili, na ulete karata ya mgonjwa.